Nusu Yai

Joka la kijani hufa kwa mapigo kumi na mawili.
Nimeyahesabu hata usingizini.
Hudondosha mifupa, ngozi, na dhahabu
isiyolia ikianguka.
Siku ya kwanza Mama aliuliza: ukiiuma, ina ladha gani?
Ya unga wa mahindi, Mama. Subiri.

Barquisimeto, saa nane usiku. Umeme umerudi
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Dada yangu Yusmary analalia daftari:
majoka mia nne, trei moja ya mayai;
majoka elfu mbili, kiatu cha shule. Kimoja.
Noti za nchi yetu amezikunja, akasuka pochi,
anaziuza kituo cha mabasi.
Pochi ina bei. Noti zilizomo hazina.

Mnunuzi wangu yuko Bergen, anaitwa Sigve.
Hajawahi kuua joka. Hana nafasi, asema, ana kazi.
Nami hii ninayofanya sijui niiiteje.
Tunakutana darajani, mle ndani ya mchezo,
yeye kavaa deraya inayong'aa,
mimi matambara, kwa maana vyangu vyote nimemuuzia.
Nani atangulie kutoa?
Kutangulia si kufika, walisema;
hapa kutangulia ni kuibiwa.
Wilmer alitangulia mwaka jana. Jasho la miezi mitatu
likaondoka na mtu aliyeandika "asante rafiki".
Sasa Wilmer anachomelea mageti huko Cúcuta,
na ukimtajia dhahabu anashusha kinyago cha kuchomelea usoni.

Juzi, penye kisima, nilimkuta mgeni
na upanga wake wa mbao.
Akaandika: una chochote?
Kidole kilipiga hesabu kabla ya moyo:
sarafu elfu hamsini, nusu yai.
Nikampa nusu yai.
Akarukaruka, akazunguka kisima mara saba,
akanikoka moto wa bure, tukaukalia.
Nilikuwa nimesahau
kwamba huu ni mchezo.

Asubuhi mlango haufunguki.
*Akaunti imefungwa. Sababu: biashara ya dhahabu.*
Trei arobaini za Bergen
au nusu yai la mgeni, hawakusema.
Nilichungulia kwa akaunti ya jirani:
Sigve yuko palepale darajani, deraya inang'aa,
anauliza wapita njia nani anauza.

Yusmary akafungua ukurasa mpya.
Jina? akauliza, kalamu mkononi,
kama karani wa vizazi na vifo.
Nikataja la kwanza lililonijia. Nikazaliwa kisimani,
upanga wa mbao, mfuko mtupu,
nikaandika: una chochote?

Wengi walipita. Mmoja akasimama, akajibu:
nenda kaue kuku kwanza.

Nimekwenda. Wapo nyuma ya kinu, hufa kwa pigo moja.
Hudondosha manyoya.
Nimewatazama saa nzima, Yusmary kaniegemea begani.
Hawatagi.