Beseni la Naliendele

Shimo nililichimba mwenyewe, mimi na Mchopa,
futi tano na nusu, kwa hela ya mnada wa pili wa korosho.
Beseni likaja juu ya lori toka Dar,
la buluu, limelazwa ubavu,
watoto nyuma yake: "Sahani ya jitu! Sahani ya jitu!"

Winchi iliogopa nyaya za umeme.
Tukalishusha kwa kamba,
wanaume kumi na mmoja na tusi moja.

Somoe akaweka pimamaji.
"Kusini kumelala."
Nikabisha mpaka adhuhuri.
Kusini kumelala.

Sasa boza linamimina ndani, nami nje najaza mchanga,
shubiri kwa shubiri,
maji yasiuzidi mchanga, mchanga usiyazidi maji;
ukuta mwembamba katikati
unasikiliza pande zote mbili.

Mama Nachingulu amesimama uani na ndoo mbili.
Hasemi kitu.
Bomba la mtaa lina kikohozi tu tangu Jumatano.

"Chota," nikamwambia.
Akachota, akajitwika moja, akaniachia shukrani nusu.

Nikarudi nje na chepe.
Nikapunguza mchanga, machepe mawili,
visije vikagombana.