Mstari wa Bi Mize

Bei alikuwa nazo kichwani,
akazikwa nazo.

Siku ya pili baada ya hitma, Wete imelowa mvua ya vuli,
mama amekaa eda chumba cha ndani,
sauti yake ikapita kwenye pazia:
"Lichukue daftari. Mwaka huu mikarafuu imezaa,
watu watalipa. Na Jumamosi tunafungua.
Wewe ndiye uliyesoma."

Naam, nimesoma. Daftari la baba ndilo halikusoma:
kilo ngapi, jumla ngapi, basi.
Kila mteja mstari mmoja, kwa kalamu ya risasi,
karatasi inanuka mafuta ya taa.

Bi Kazija: sukari moja, mchele moja, unga mbili. Elfu tisa.
Kombo wa Jadida: sukari mbili, mchele tatu, unga moja. Elfu kumi na nne.
Bi Mize: sukari tatu, mchele nne, unga tatu. Elfu ishirini.

Ningeweza kuuliza duka la mbele.
Lakini bei ya jirani si bei ya baba,
nami nina mistari mitatu na visivyojulikana vitatu;
skuli walinambia hiyo yatosha.

Nikapasua boksi la sabuni, nikaandika kwa ndani.
Samahani, Bi Kazija, humu huingii na jina:
moja, moja, mbili,
ukuta mwembamba,
tisa.

Kazi yenyewe ni kama kuchambua karafuu jamvini,
kishada kiganjani, unasokota,
karafuu huku, makonyo kule,
mpaka kila kitu kibaki peke yake.
Wa juu hasogei, ndiye egemeo.
Kwa Kombo natoa Bi Kazija mara mbili,
sukari yake inakufa:
sufuri, moja, hasi tatu; ng'ambo ya ukuta, hasi nne.
Unga kilo hasi tatu!
Baba angecheka: nani huyo anayeurudisha unga dukani?

Kwa Bi Mize natoa Bi Kazija mara tatu:
sufuri, moja, hasi tatu.
Sura ile ile ya Kombo. Nikatabasamu.
Kisha ng'ambo: hasi saba.

Nikamtoa Kombo kwa Bi Mize. Akabaki
sufuri,
sufuri,
sufuri,
na ng'ambo ya ukuta, hasi tatu.

Mtu hakuchukua kitu,
na duka ndilo linalodaiwa.

Nikarudia. Umeme ukakatika, nikarudia kwa mshumaa.
Mwalimu wangu angesema: mfumo huu hauna jibu,
pigia mstari, nenda swali linalofuata.
Lakini huyu hakuwa swali. Huyu alikuwa Bi Mize,
wajukuu watano na bati linalovuja.
Wala baba hakukosea jumla maishani mwake;
alihesabu kwa pingili za vidole
akanishinda mimi na kikokotoo.

Nikatafuta shahidi mwingine. Ukurasa wa nyuma:
Mwanakhamisi wa maandazi, unga tano, elfu kumi.
Unga elfu mbili, basi.
Kutoka hapo unapanda ngazi kinyumenyume:
mchele ni hasi nne ukiongeza sita, mbili;
sukari ni tisa, toa mbili, toa nne,

tatu.

Nikaiweka kalamu chini.

Elfu tatu. Kilo moja ya sukari.
Mwezi uliotangulia, sukari tatu, jumla inachechemea.
Mwezi wa nyuma yake, vile vile.
Hakuandika "sadaka". Hakuandika "msamaha".
Aliandika kilo zote, akakosea kwa makusudi,
akiamini hakuna mtu atakayefuta mstari hadi chini.

"Umepata bei?" mama akauliza.
"Nimepata."
"Na madeni, yako sawa?"
Mvua ikajibu kwanza, juu ya bati.
"Yako sawa, mama."

Jumamosi wa mwanzo kuja alikuwa mjukuu wake,
kikapu kikubwa kuliko yeye.
"Bibi kasema sukari tatu."
Nikapima tatu.
Nikajumlisha mbili.