Jina la Tatu

Temeke, saa nane usiku. Sindano imeshajaa.
"Mama, jina lako?"
"Mwanahawa. Si uliniuliza jioni?"
"La baba?"
"Salehe." Anasonya.
"La babu?"

Ananitazama kana kwamba mimi karani wa ardhi
natafuta sababu ya kumnyima kiwanja.
"Mkwachu. Haya, umeridhika?"

Kwenye faili: Mwanahawa Salehe Kibindu.

Nakaa kwenye stuli, magoti yameniisha nguvu.
Kitanda cha dirishani
Mwanahawa mwingine anakoroma,
chandarua kimemwangukia usoni.

Kwenye daftari la zamu naandika,
kwa jina langu, herufi zinazosomeka:
nusura nimchome siye.

Asubuhi namsikia akimsimulia mwanawe aliyeleta uji:
"Nesi wa usiku, maswali!
Utadhani amekuja kuposa."