Matete ya Mabogini

Chupa ya kwanza naijaza langoni,
pale Moshi inapoingia na mabaki yake:
povu la sabuni kutoka Majengo,
maji yaliyoosha kahawa,
ukoko uliokwanguliwa sufuriani Pasua,
mkojo wa wazima na wa wagonjwa.
Naandika kwenye lebo: saa moja na robo, joto, rangi.
Harufu haina kizio. Naandika tu: ipo.

Chupa ya pili, baada ya matete.
Naitreti imeshuka, imebaki theluthi,
na vyura, wasiosubiri majibu ya maabara,
wameshaanza kelele.

Kilichopungua kimekwenda wapi?
Kingine kimeliwa na mizizi.
Kingine wamekivunja wale wa topeni,
wadogo wasiohitaji hewa,
wakaurudishia upepo kilichokuwa cha upepo.

Leo nikamkuta Namkunda, panga mkononi,
matete yamelala chini kama nywele kwa kinyozi.
Nina kitambulisho shingoni, nikapaza sauti:
Mama, unaua chujio la mji!

Akapangusa panga kwenye kanga. Hakuwa na haraka.
"Tete nisilolikata
litakauka lenyewe, litaanguka hapohapo,
lioze, litapike kila lilichokula.
Wewe na vichupa vyako unapima kinywa.
Tumbo unamwachia nani?"

Nilisoma hayo chuoni, mwaka wa pili,
nikajibia mtihani, nikafaulu, nikasahau.

Nikamtwisha mzigo.
Utakuwa uzio wa mbuzi kwa shemeji yake Kibosho,
ukichakaa utakanyagwa zizini,
utachanganyika na samadi, utafukiwa kihambani
chini ya migomba, chini ya mibuni,
na siku moja kahawa ile itaoshwa
na maji yake yatashuka tena kwangu, langoni,
saa moja na robo.

Mengine hayarudi. Yanapita majaruba ya mpunga,
yanaongezewa urea njiani,
yanalala Nyumba ya Mungu, yanaamka Pangani,
yanaifikia mikoko ambayo sijawahi kuiona.
Sijui huko nani anapima, nani anakata.

Jioni nikajaza fomu.
Safu ya maoni huwa naiacha wazi.
Nikaandika: Matete yakatwe, yatolewe majini, kila mwaka.
Chanzo cha ushauri:
kalamu ikasimama.
Namkunda nani? Sikumuuliza jina la baba.