Bado Bawa la Kulia

Maji hayana kelele.
Yameketi chini ya glasi, maangavu, kama hayapo,
na petroli ya buluu imekaa juu yake
kama mgeni asiyejua kitanda kina mwenyewe.

"Glasi ya ngapi?" anauliza Mchopa.
Ya nne. Na bado sijalitikisa bawa.

Usiku kucha mvua ilipiga mabati ya ghala la korosho,
na ndege, isiyo na banda hapa Nachingwea,
ililala uwanjani mgongo wazi,
kifuniko cha tangi kimelala bapa na bawa
kama walivyokichora miaka ile, kwa urembo na kasi.
Walichora mezani. Mezani hakuna masika.
Mpira wa duara ukikauka,
kidimbwi juu ya bawa kinapata mlango.

Na tangi lenyewe si bati, ni mfuko wa mpira,
na mfuko una mikunjo, na kila mkunjo ni bonde,
na maji hujua mabonde kuliko mpima ardhi.
Unachuruza, unaona safi, unatia sahihi.
Kisha ndege inainua pua juu ya mikorosho ya Naipanga,
mkunjo unamwagika,
injini inakunywa isichoweza kukichoma.

Mchopa analijua hilo kwa goti lake la kushoto.
Ripoti iliandika: uzembe wa rubani.
Barua ya kiwandani ilikuja baadaye sana, kurasa mbili:
badilisheni kifuniko, nyoosheni mfuko,
ongezeni vali pale ambapo ni chini kweli.
Hakuna mstari uliosema pole.

Leo Zaituni, mwanafunzi wangu,
ameingiza mkono bawani hadi kwapa,
anaulaza mpira kwa kiganja
kama anayetandika shuka chini ya mgonjwa.
"Hapa bado," anasema. "Na hapa."
Kifuniko kipya kimeinuka kama uyoga,
hakina sura, kinashika upepo,
labda kitatuibia fundo moja la mwendo.
Kiibe.

Natikisa. Nachota. Buluu.
Tunakandamiza mkia, pua juu, natikisa tena.
Buluu tupu.

Mchopa anaielekeza glasi juani, anainusa, anatia kidole.
Halafu anaiuliza glasi, si mimi:
"Sasa ile ripoti, nani ataichuruza?"

Zaituni ananitazama.
Natafuta jibu kwenye kisanduku cha spana.
"Shusha ngazi," namwambia.
"Bado bawa la kulia."