Mji Uitwao Mashua

Łódź, kwa lugha ya kwetu, ni mashua.
Mashua gani hii isiyo na maji?
Mto tuliuzika ungali unapumua,
tukaufunika matofali, kisha lami, kisha tramu.

Bogumiła anaukumbuka kabla ya mazishi.
Alifuma taulo zamu ya usiku.
"Jumatatu ulishuka mwekundu," asema, "Alhamisi samawati.
Mitindo ya mwaka kesho tuliisoma mtaroni."
Samaki? Samaki wa nini, kwenye beseni la dobi?

Machi hii tumefukua mita mia mbili,
mia mbili tu, nyuma ya karakana.
Tulitoa matairi, godoro, kigari cha mtoto,
na cherehani yenye uzi bado sindanoni,
uzi mweusi, haujakatika.
Watoto wa darasa la tano walipanda mierebi
vidole vimekufa ganzi.

Lakini maji yalinuka.
Si uvundo wa tope; uvundo wa binadamu.
"Kuna mtu," akasema Bogumiła, kwa sauti ijulikanayo hadi sokoni,
"kuna mtu choo chake kinaingia humu,
na nikimjua, atanijua."

Ireneusz, fundi bomba, akaja na kopo la rangi ya kijani.
Mlango kwa mlango, ngazi kwa ngazi:
kijiko kimoja chooni, vuta maji,
nasi tumechutama ukingoni kama wavizia panya.
Nambari kumi na mbili, hakuna.
Kumi na nne, hakuna.
Kumi na sita, orofa ya pili, kushoto,
mto ukawa kijani, kama enzi za kiwanda.

Orofa ya pili, kushoto.
Kwa Bogumiła.

Hakuna aliyecheka. Naam, Ireneusz kidogo, akajikohoza.
Mama wa watu akavua glavu, akazivaa tena.
"Miaka arobaini na mmoja," akasema.
Kisha: "Bomba jipya bei gani?"
Tulichanga. Hakutaka. Tulichanga hivyo hivyo.

Sasa ni Juni. Sidai mto umepona;
mvua ikikoza, mafuta ya magari hushuka yakimeta.
Ila jana mtoto alimwona samaki,
miiba mitatu mgongoni, urefu wa sindano,
akapiga ukelele, samaki akapotea.

Nikitoka kazini usiku hufuata reli,
nasimama juu ya kifuniko cha chuma
mahali ambapo hatujafika.
Chini kabisa unaongea peke yake.
Nagonga kwa kisigino.
Subiri, nauambia. Subiri.