Juma la Ishirini na Mbili

Meno yalikuwa marefu bado.
Nilichomeka sarafu ya shilingi kumi kwenye mfereji wa tairi
ikazama nusu nzima.
"Mazima haya," nikasema. "Voi na kurudi, kitu gani?"

Ngumbao hakujibu. Alikuwa chali chini ya Pijo ya baba,
miguu nje, ndala moja ya bluu, moja ya kijani,
akisoma.

Sikujua kwamba tairi husomwa.

"Hapa, karibu na rimu. Pangusa."
Nikapangusa kwa ncha ya leso.
Tarakimu nne, zimevimba kidogo
kama alama ya chanjo begani:
2211.
"Juma la ishirini na mbili, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja.
Hapo ndipo lilipozaliwa.
Meno yasema limekwenda wapi.
Hayasemi limeishi vipi."

Limeishi hivi:
uani Tudor, ubavu mmoja juani,
wa pili kwenye ule upepo wa chumvi uliokula bawaba za madirisha yetu.
Ijumaa msikitini, hatua mia tatu.
Kilifi mara mbili, kwa harusi.
Kisha hospitali, kisha hospitali, kisha hospitali,
kisha turubai.

Na kila Jumamosi mama akilifunua gari,
akiyapaka matairi mafuta ya nazi
hata jirani wakasema, hili la marehemu mbona jipya?

"Nani ameyapaka mafuta?" akauliza Ngumbao.
Nikatazama kwingine.

Akatoa upepo. Akakaza gumba ubavuni, akaukunja mpira
kama apimaye mkate wa mofa wa jana,
na nyufa zikafunguka,
nyembamba, nyingi,
kisigino cha mtu aliyetembea peku kaskazi nzima.
"Nyumba njema si mlango," akasema, bila kucheka.

Nikawaza: huyu atafuta biashara.
Nyuma yake kibanda kizima cha matairi, yamepangwa hadi darini.
Akayafuata macho yangu.
"Usinunue kwangu. Hayo ni ya mikokoteni."

Kisha akakaa juu ya jeki yake, akasema polepole,
malori ya Magongo yakimkata maneno:
"Saa saba mchana, lami inachemka, watu watano,
na sanduku la shule la mtoto.
Mpira mkavu ukishika moto, ngozi yaachana na nyuzi.
Haubishi hodi.
Sikwambii litapasuka. Huenda likafika Voi likarudi.
Nakwambia sijui,
na wewe hujui,
na lenyewe halijui."

Nyumbani mama hakubisha. Alihesabu kwa vidole.
"Mwaka ule ndio bandari ilipomlipa kiinua mgongo.
Aliyanunua yote manne siku moja,
hata mikono hakunawa, akaja jikoni akaniambia:
haya, Mwanatumu, yatanizika."
Akanyamaza.
Akaomba vifuniko vya valvu tu, vile vinne,
akavifunga pembeni mwa kanga yake
mahali anapofungia pesa.

Mwembe Tayari, dukani, kijana akanitolea tairi
limevikwa karatasi ya rangi ya dhahabu,
vinyweleo vya mpira vimesimama kama vya kifaranga.
"Jipya, dada. Halijagusa chini."

Nikachutama mbele ya wateja wote.
Nikalizungusha. Upande huu hamna.
Nikalipindua, nikalamba kidole, nikapangusa.
4117.
Mwaka ule mwanangu, huyu tunayempeleka kidato cha kwanza,
alikuwa hajang'oka hata jino moja.

"Nipe jingine," nikasema.
Kijana alinitazama, akaitazama leso yangu na lile doa jeusi pembeni,
akalirudisha tairi rafuni bila haraka.
"Dada," akasema, "nani kakufundisha kusoma?"